Kilima Bila Mnara

Jumanne, 6 Mei

Mashine ya kupima moyo imefika! Ndogo kuliko nilivyodhani. Kama redio ya zamani, na nyaya zake zimetapakaa kama mizizi ya viazi. Daktari Arce ameipakata mapajani njia nzima kutoka Cochabamba, hakukubali hata kuiweka chini garini. Hana mtoto bado, lakini leo nimemwona akiwa baba.

Kesho anashuka tena mjini, mkutano wa wiki nzima. Zahanati nabaki nayo mimi muuguzi peke yangu. "Sista Eulalia," akasema, "mashine haiumi. Ni karatasi tu." Rahisi kwake.

Akavua shati, akalala mwenyewe kitandani ili nijifunzie kwake. Vifyonza vya baridi, jeli ya baridi, na baridi hii ya Mei! Akaruka kama samaki. Karatasi ikatoka. Nikaitazama kwa fahari. Yeye akaitazama akacheka mpaka waya ukang'oka kifuani. Kumbe nimebadilisha waya wa mkono wa kulia na wa kushoto. Kwenye karatasi moyo wake umehamia upande wa pili! "Hongera, sista. Umeniumba upya."

Niliyoyashika, niyaandike kabla hayajayeyuka:

Karatasi ina miraba midogo ndani ya miraba mikubwa. Inatembea yenyewe, moyo ndio unaoandika. Kwenda kulia ni muda. Kwenda juu ni nguvu ya umeme. Kwanza kinakuja kilima kidogo: vyumba vya juu vya moyo vinajikaza. Kisha mstari bapa, kapumziko. Kisha mnara mwembamba: vyumba vya chini vinasukuma damu. Mwisho tuta pana, moyo unajiweka sawa kwa pigo lijalo. Kilima, mnara, tuta. Yana majina ya herufi, daktari kasema hayo nitayajua baadaye, nisiyaogope sasa.

Kasi ya moyo: hesabu miraba mikubwa kutoka mnara hadi mnara, gawanya mia tatu kwa hiyo. Miraba minne, sabini na tano. Mzima.

Na kuna mstari mmoja unaosimama kichwa chini siku zote, na ndivyo unavyotakiwa. Hapo nikachoka.

Naogopa. Presha napima huku naongea mengine, watoto nimezalisha hata kwenye lori. Lakini hii — mistari!


Alhamisi, 8 Mei

Leo kijiji chetu chote cha Sauce Mayu kimepanga foleni mlangoni. Kama wamekuja kupigwa picha! Wamevaa kofia za sikukuu. Mama Teófila, mjane, alikataa kuvua hereni. Akauliza kama mashine inaonyesha na mtu uliyempenda. Nikamwambia haionyeshi. "Basi haina faida," akasema, akalala hivyo hivyo.

Wengi wazima. Kilima, mnara, tuta. Nikawa napiga picha kila karatasi na kumpelekea daktari kwa simu, naye kati ya mkutano ananijibu: sawa, sawa, waya wa mguu umelegea, sawa. Kufikia mchana nikawa napachika nyaya huku naongea mengine.

Walipoondoka nikafunga mlango nikajipima mwenyewe. Nilijua kwa nini. Sote watoto wa mama yangu tumelala katika nyumba ile ya udongo, na vinchuka, kunguni wakubwa wa huku, wakishuka ukutani kutunyonya damu usoni tukiwa usingizini. Asubuhi tulikuwa tukichekana nyuso zilizovimba. Nani alijua mdudu yule anaacha kitu ndani ya damu, na kitu hicho kinakaa kimya miaka ishirini, thelathini, kikitafuna moyo polepole? Mama alianguka akiwa anafuma mbeleko. Hakuugua hata siku moja. Uzi bado ulikuwa mkononi.

Karatasi yangu safi. Nimeihesabu mara tatu. Safi.

Jioni chama cha wakulima kimekutana uwanjani. Kaka Gualberto ndiye mwenyekiti, kama kawaida sauti yake inafika mpaka mtoni. Daraja lilisombwa na maji tangu Februari, magari yanavuka ndani ya mto wenyewe, ahadi zimekuja, daraja halijaja. Wameamua: kuanzia Jumatatu barabara inafungwa. Hakipiti kitu mpaka serikali ije kuzungumza.

Daktari atarudije basi? Nimemwuliza kaka. "Aogelee," akasema. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.


Ijumaa, 9 Mei

Wifi Saturnina kamleta kaka akimvuta kwa mkono wa koti. Kaka naye anacheka kwa aibu, mwanamume wa miaka hamsini na moja anavutwa kama mbuzi wa mnada.

"Alianguka shambani," wifi akasema.

"Niliteleza."

"Uliteleza ukiwa umesimama? Kwenye udongo mkavu?"

"Viazi vilinitelezesha."

Nikamlaza. Kifua chake kipana, vifyonza vinashika vizuri. Akawa ananitania: "Mdogo wangu, usinifyonze sana, vinchuka walishamaliza." Nikacheka. Kisha karatasi ikaanza kutoka nikaacha kucheka.

Minara yake si myembamba. Mipana, na kwenye waya wa kwanza wa kifuani kila mnara una masikio mawili, kama sungura anayechungulia nyuma ya jiwe. Na baina ya kilima na mnara kuna umbali mrefu mno. Na mahali pamoja — nikahesabu, nikahesabu tena — kuna kilima, halafu hakuna kitu. Kilima bila mnara. Kisha kilima kingine, mnara, tuta, safari ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikapiga picha nikatuma. Daktari akapiga simu papo hapo, katoka nje ya mkutano, nasikia honi za mjini. Akanifafanulia polepole. Umeme wa moyo unazaliwa juu, unashuka chini kwa njia zake. Njia moja ya Gualberto imeshakatika. Hayo ndiyo masikio. Iliyobaki inachoka, ndiyo maana kilima kinangoja, na mara nyingine kinaita na hakuna anayeitika. Chagas hiyo, ule ugonjwa wa vinchuka, akasema, sina haja ya kungoja kipimo cha damu. Anahitaji kile kibetri kinachopachikwa chini ya ngozi kuuendesha moyo. Kinawekwa Cochabamba. Wiki hii, sista. Si mwezi huu — wiki hii.

Nikamwambia kaka. Akafunga vifungo vya shati taratibu, kimoja kimoja.

"Wiki hii ninafunga barabara."

"Kaka, nenda kesho. Kesho bado ni wazi."

"Na Jumatatu watu wakiniuliza mwenyekiti yuko wapi? Waambiwe yuko mjini amelala kwenye shuka nyeupe?" Akavaa kofia. "Tukishapata daraja nitapita juu yake, niende huko kwenye kibetri chako. Kwa gari zuri."

Wifi akabaki amenitazama. Nikaanza kufuta jeli kwenye vifyonza.


Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda kwao baada ya misa. Nimemweleza tena. Nimemchorea kwa mkaa juu ya jiwe la jikoni: kilima, mnara, kilima, hakuna. Kasikiliza kwa adabu zote, kanipa mahindi ya kuchemsha na jibini. Kisha akasema mama alikufa bila kujua na alikufa akifanya kazi yake, hakuna kifo kizuri kama hicho.

Nikakasirika. Nikamwambia mama hakuchagua! Akanisogezea jibini. Wifi alikuwa anamenya viazi, kisu kikasimama.

Nimeondoka bila kuaga. Basi la mwisho la kwenda mjini lilipita mbele yangu barabarani, nusu tupu.


Jumatatu, 12 Mei

Barabara imefungwa. Mawe, magogo, matairi. Kaka ndiye aliyebeba jiwe la kwanza. Nimeambiwa tu, sikutaka kuona.


Jumatano, 14 Mei

Nilimpelekea supu kizuizini. Nikajifanya namsalimia kwa mkono, kidole changu kikiwa kwenye mshipa. Akanijua. "Unaniibia mapigo yangu, Eulalia." Lakini hakuutoa mkono. Mapigo yake yanakuja kama mtu anayepanda ngazi na gunia: moja... kisha unangoja... moja.

Nikarudi zahanati, nikaifunga mashine ndani ya mbeleko, nikaibeba mgongoni. Njiani Mama Teófila akauliza nimezaa lini.

Nilimpima nyuma ya lori, juu ya magunia. Wanaume wamezunguka na majani yao ya koka shavuni, kila mmoja daktari. "Mpake jeli kisogoni, sista, ndiko ugonjwa uliko!" "Mwenyekiti, usitoboe siri za chama, hiyo inarekodi!" Na yeye anawajibu mmoja mmoja, kalala kama sultani.

Karatasi.

Sikuhitaji daktari. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Wiki iliyopita ningeona mistari tu. Leo niliona mara moja. Vilima vinakwenda mwendo wake, vimepangana sawasawa kama askari. Minara nayo inakwenda mwendo wake, mipana, mizito, imeachana. Havijuani. Hakuna kilima kinacholeta mnara. Vyumba vya juu vinaita peke yao, na vya chini, kwa kukosa kusikia lolote, vimeanza kupiga vyenyewe, kivivu, ili mtu asife. Nikahesabu miraba mikubwa baina ya minara: minane. Mia tatu kwa minane: hata arobaini haifiki.

Natamani nisingejua kusoma.

Kizuizini netiweki haifiki, inapatikana tu juu ya kilima cha kanisa. Nikapanda nikatuma. Daktari akaitazama, akapiga simu. "Umesoma sawasawa," akasema. "Ningefurahi leo ungekosea." Nikamwuliza ile sindano ya kuharakisha moyo, ninayo kabatini. Akasema njia imekatika chini sana, sindano haifiki huko, yaweza hata kuharibu. Nimlaze, nisimwache apande wala abebe, nimtoe haraka. Yeye atakuja na gari la wagonjwa hadi atakapozuiwa.

Nikamrudia kaka. Nikamwambia moyo wake juu na chini vimeachana. Nilisema polepole, wote wakasikia.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo na moyo wangu umefunga barabara."

Kila mtu akacheka! Na mimi nimesimama pale na karatasi mkononi. Nikasema, sheria yenu wenyewe mgonjwa anapita. Jana mjamzito amepita. "Mgonjwa anapita," kaka akakubali. "Unamwona mgonjwa hapa?" Akaruka kutoka lorini kuwaonyesha. Akashika ubavu wa lori. Alifumba macho kidogo. Sidhani kuna mwingine aliyeona.


Alhamisi, 15 Mei

Wifi kaja zahanati, kafunga mlango nyuma yake. Anasema kabla ya mashine hii mumewe alikuwa mzima. Alianguka mara moja tu. Sasa hali chakula, anakaa akijisikiliza, akidhani mkewe haoni. "Umempa ugonjwa kisha huna dawa yake. Bora ungenyamaza."

Nilitaka kumwambia si kweli. Yote aliyosema ni kweli isipokuwa neno moja: umempa.

Tumelia. Kisha akaniuliza kama naweza kumchoma sindano ya usingizi, apakiwe garini kama gunia. Nikasema usingizi waweza kumuua. "Kila kitu chako chaweza kumuua," akasema. Akaosha uso kwenye ndoo yangu akaenda kupika chakula cha kizuizini.


Ijumaa, 16 Mei

Ameanguka mbele ya mkutano mzima. Alikuwa amesimama juu ya jiwe akisoma barua ya serikali, wanasema watatuma mtu wiki ijayo. Katikati ya neno akanyamaza. Watu wakadhani anatafuta neno. Kisha macho yakapanda juu, akaenda chini wima kama koti lililotoka msumarini.

Nilikuwa karibu. Sijui nilifikaje. Uso wa majivu, mshipa haupigi. Nikaanza kumkandamiza kifua, na kabla sijahesabu mbali akavuta pumzi, uso ukawaka mwekundu, akafungua macho akauliza, "Nimefika wapi?" Maana yake barua. Alitaka kuendelea kusoma!

Kisha kikatokea nisichokitarajia. Mama Teófila akasimama katikati ya uwanja na hereni zake. Akasema: napendekeza mwenyekiti apelekwe mjini kesho asubuhi. Nani anaunga mkono? Mikono. Mikono yote. Hata ya wale waliokuwa wanataniana juzi.

"Sijaomba ruhusa," kaka akasema, bado yuko chini mapajani mwangu.

"Hukuulizwa," Mama Teófila akasema. "Ni sheria yako mwenyewe. Chama kikishaamua, mtu mmoja mmoja hana neno."

Akataka kujiinua, nikamzuia.  Kisha akageuza uso kwenye aproni yangu, na mabega yakaanza kutikisika, na nikamfunika na mbeleko watu wasimwone.

Kesho ndiyo safari. Wálter, mwanachama mwenzetu, anatoa lori lake. Namshukuru Mungu. Lakini kuna kijiji cha Tipa Tipa njiani. Nao wamefunga tangu juzi, wanataka daraja lijengwe kwao, si kwetu. Hawamwachi mtu wa Sauce Mayu apite. Wálter anasema watampitisha mgonjwa, ni watu si mawe. Sikupenda alivyoyatazama matairi yake aliposema hivyo.


Jumamosi, 17 Mei

Niko nyuma ya lori. Naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine.

Tuliondoka alfajiri. Kaka juu ya majani makavu na magodoro mawili, wifi upande ule, mimi upande huu, mashine katikati ya miguu. Kila shimo la barabara nilikuwa namtazama usoni. Akasema, "Ukinitazama hivyo nitakufa kwa haya." Wifi akampiga kibao cha mkono. Akalala kidogo. Nikampima tukiwa tunaenda, karatasi ikatoka imejaa mitetemo ya lori, lakini minara inaonekana. Ni ile ile. Miraba minane, tisa.

Kizuizi cha Tipa Tipa ni ukuta wa mawe kimo cha kifua, baina ya mwamba na korongo. Ng'ambo ya pili, mbali kidogo, niliona gari jeupe la wagonjwa. Na mtu amesimama juu ya bampa la mbele akipunga mikono. Daktari Arce. Nikapunga. Hawakumruhusu kusogea. Ningeweza kumrushia jiwe likamfikia.

Mwenyekiti wao ni mwanamke, Mama Emeteria. Mnene, kofia nyeupe, fimbo. Akaja mpaka lorini akachungulia.

"Gualberto."

"Emeteria."

"Jumatano lori letu la nyanya lilifika kwenu. Unalikumbuka?"

Nikamwomba Mungu kaka anyamaze. "Nalikumbuka," akasema. "Nililirudisha mimi."

"Limeoza lote. Kijiji kizima kinanuka."

"Chama kiliamua."

"Hata hapa chama kimeamua."

Nikaruka chini. Nikasema mambo mengi kwa pamoja, moyo, kibetri, anaanguka, anakufa, gari lile pale. Mama Emeteria akasikiliza. Akasema si kwamba haamini. Lakini juzi walimpitisha mtu wa kwetu aliyejishika tumbo, kumbe kabeba barua za chama chetu ndani ya shati. Watu wake wamekasirika. Anataka kitu cha kuwaonyesha.

Nikatoa karatasi. Zote nilizonazo. Nikazitandaza juu ya boneti ya lori, wanaume kwa wanawake wakazunguka, wakainamisha vichwa.

"Mistari," mmoja akasema.

"Hata kuku wangu anaandika hivi," mwingine.

Basi nikawafundisha. Sikuona njia nyingine. Nikachukua karatasi ya Mama Teófila, safi, nikaweka kidole: hiki kilima, vyumba vya juu. Huu mnara, vyumba vya chini. Hili tuta, moyo unajiweka sawa. Kila kilima na mnara wake, kama baba na mwana sokoni. Semeni. Wakasema! Kilima, mnara, tuta. Mzee mmoja alikuwa mbele ya wengine kila mara. Kisha nikaweka karatasi ya kaka. Sasa niambieni.  Vidole vikaanza kutembea. "Hapa kilima hakina mnara." "Na hapa." "Hapa mnara umekuja peke yake, umemtangulia baba." "Na ni mnene huu. Una masikio." Walikuwa wanasoma! Nikadhani imekwisha, sasa watafungua.

Mama Emeteria ndiye hakuridhika. "Hiyo safi ni ya mtu wenu. Tutajuaje hamkuichagua? Nipime mimi. Mbele yao. Waone mtu mzima wa Tipa Tipa anavyoandikwa na mashine hiyo hiyo, halafu waone huyu. Hapo hakuna wa kusema neno."

Ilikuwa busara. Hata mimi niliona ni busara.

Akapanda lorini, wanaume wakageuka, wifi akashika blanketi kama pazia. Akalala kando ya kaka, nafasi ilikuwa ndogo, mabega yakagusana. "Usidhani huu ni uchumba," akamwambia. Kaka akasema hana nguvu za uchumba. Wakacheka wote wawili, maadui hawa! Nikapachika nyaya. Karatasi ikaanza kutoka.

Vilima vizuri. Kila kimoja na mnara wake.

Kisha waya wa kwanza wa kifuani. Masikio mawili.

Nikasimamisha mashine. Nikaianzisha tena, labda waya. Masikio. Minara mipana. Na baina ya kilima na mnara umbali umeanza kurefuka. Ni karatasi ya kaka ya wiki iliyopita. Ile ile, ila bado hakuna mnara uliokosekana. Ungeziweka moja juu ya nyingine dhidi ya jua zingelingana.

Wifi aliona uso wangu. Akanishika mkono wa juu, akafinya mpaka leo — mpaka sasa — unaniuma. Nilimwelewa. Sema yeye mzima, sema tofauti ni kubwa, watoe mawe. Ndivyo alivyosema kwa vidole vyake bila kufungua mdomo.

Mama Emeteria akajifunga nguo, akateremka, akairarua karatasi mwenyewe mashineni akaenda nayo bonetini. Akaziweka mbili sambamba. Watu wakajaa.

"Haya, sista. Tofauti iko wapi?"

"Kila kilima chako kina mnara wake," nikasema. "Vyake havina. Hiyo ndiyo tofauti." Ni kweli. Ni kweli, na nikaishia hapo, na nikaomba iishie hapo.

Lakini nilikuwa nimewafundisha vizuri. Kidole chake kilikuwa kinatembea peke yake, polepole, kutoka mraba hadi mraba. Kikasimama.

"Na haya?"

Nikashika ukingo wa karatasi usipeperuke.

"Haya masikio. Yako kwake, yako kwangu. Kwa yule mtu wenu hayapo." Akaniangalia. Hakuwa na hasira. "Sista. Utotoni mimi nililala nyumba ya udongo."

"Najua."

"Nani hapa hakulala?" akasema, si kwangu. Akawageukia.  Yule mzee aliyekuwa anawatangulia wenzake kusoma alirudi nyuma hatua moja, akaweka mkono ndani ya koti, kifuani, akauacha humo.

Nikasema upesi upesi — bado mapema kwako, kuna vipimo, daktari yule pale ng'ambo anajua kuliko mimi, wako wengi wanaishi hivyo miaka mingi. Sijui kama alisikia. Alizikunja karatasi mbili, akaenda nazo nyuma ya ukuta, na watu wote wakamfuata. Mkutano. Kwa kila kitu mkutano!

Muda umepita sasa. Jua limekuwa kali, tumemfunika kaka kwa kofia ya wifi. Nimempima tena. Miraba kumi.

"Umemwambia?" akaniuliza.

"Ameona mwenyewe."

Akafumba macho. "Maskini Emeteria," akasema. Baadaye kidogo: "Nyanya zile zilikuwa nzuri sana."

Wálter anataka kupiga honi, nimemkataza. Daktari bado amesimama kule juu ya gari lake, hapungi tena. Simu haishiki huku bondeni. Natamani nimwambie aje na karatasi nyingi za mashine, zangu zitakwisha. Wifi anasali kwa Kikechua, kwa kasi, maneno yanagongana. Nashika mshipa wa kaka. Moja. Nangoja. Najua hasa ninachongoja, kila mraba wake, na kungoja tu ndiko ninakoweza kumfanyia.

Sauti zimepanda nyuma ya ukuta, sasa zimeshuka. Wanaume wawili wametokea. Wameshika jiwe la juu, kubwa, mmoja kila upande, wameliinua. Wamesimama nalo. Mama Emeteria yuko nyuma yao, karatasi moja katika kila mkono, anawaambia kitu siwezi kukisikia. Sijui kama wanalitoa au wanalipanga upya. Wanamwangalia yeye, na yeye anaangalia karatasi. Naweka kalamu chini.